Vidonge vya Sonona na Mishipa ya Fahamu

Wanafunzi wa historia huzoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba. Kidonge, kitu kidogo kipitacho kooni kwa funda moja la maji, hakipati mahali katika vitabu vyao. Walakini kwa muda wa miaka sabini hivi vidonge vya namna moja vimeingia katika maisha ya watu wengi kuliko waliopata kuguswa na mikataba mingi ya wafalme. Navyo ni vidonge wapewavyo watu walioshikwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, imfanyayo mtu akose usingizi, akose hamu ya chakula na ya kazi, na mwishowe akose hata hamu ya kuishi. Lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya huzuni. Tunayo simanzi, majonzi, jitimai, ukiwa na mengineyo. Lakini huzuni ya mtu aliyefiwa si ugonjwa, na sonona ni ugonjwa, na yafaa tangu mwanzo tusiyachanganye mambo hayo mawili.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi vidonge hivyo vilivyopatikana, na khasa jinsi watu walivyokuja kujua yale viyatendayo katika ubongo na mishipa ya fahamu ya mtu avimezaye kwa miaka mingi. Habari hizo mbili hazikufuatana bega kwa bega. Ya kwanza ilikuja mbio. Ya pili ilikuja ikichechemea nyuma, na mara nyingi aliyeileta alikuwa ni yule aliyeimeza dawa, au mtu wa nyumbani mwake.

Habari yenyewe yaanza mahali pasipotazamiwa, katika wodi za kifua kikuu. Katika kisiwa cha Staten, mjini New York, palikuwa na hospitali kubwa iitwayo Sea View. Wagonjwa wengi walioingia humo walikuwa wamekwisha kata tamaa. Mwaka 1951 madaktari Edward Robitzek na Irving Selikoff walianza kuwapa dawa mpya mbili zilizotoka katika maabara ya kampuni ya Hoffmann-La Roche: isoniazidi na ndugu yake iproniazidi. Zote mbili zilitengenezwa kutokana na hidrazini, kemikali ambayo Wajerumani waliitia katika mafuta ya ndege zao za roketi wakati wa vita vya 1939 hadi 1945. Mwanzoni mwa mwaka 1952 magazeti ya Marekani yalitangaza habari za ajabu. Watu waliokuwa wakingoja kufa walikuwa wakila chakula kingi, wakinenepa, wakicheka, na hata wakicheza dansi katika vijia vya hospitali.

Kifua kikuu peke yake hakikutosha kuieleza furaha hiyo, kwa maana ilionekana hata kwa wagonjwa ambao mapafu yao bado yalikuwa mabovu, na ilizidi kwa wale waliopewa iproniazidi. Madaktari waliiandika katika orodha ya madhara ya dawa. Naam, furaha yenyewe ilihesabiwa kuwa dhara! Katika orodha iyo hiyo waliandika mambo mengine yaliyohusu mishipa ya fahamu: kizunguzungu, misuli kurukaruka, na viungo kushtuka upesi mno daktari agongapo goti. Basi tangu siku ya kwanza furaha na mtetemeko viliandikwa katika karatasi moja.

Ndugu yake isoniazidi haikuleta furaha nyingi, lakini ikawa dawa kubwa ya kifua kikuu duniani kote. Nayo pia ilikuwa na jambo lake. Baadhi ya walioimeza kwa miezi walianza kuhisi ganzi na michomo katika nyayo na vidole. Katika miaka ya 1950 iligunduliwa kwamba dawa ile huupunguzia mwili vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila hiyo. Ndiyo sababu hata leo, katika zahanati zetu za Kenya, mgonjwa wa kifua kikuu apewapo isoniazidi hupewa na kidonge kingine kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo vitamini yenyewe. Wengi hukimeza bila kujua kuwa kidonge hicho ni kumbukumbu ya nyayo za wagonjwa wa zamani. Hapo dhara lilijulikana mapema na kinga ikapatikana mapema. Kwa vidonge vya sonona mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Ili tuelewe sababu, hatuna budi kutazama kidogo namna ubongo ufanyavyo kazi. Ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu mabilioni, nazo hazikushikana. Baina ya moja na nyingine pana mwanya mwembamba usioonekana kwa macho. Chembe itakapo kupeleka habari kwa jirani yake humwaga kemikali kidogo katika mwanya huo, kama mjumbe avukaye mto kwa mtumbwi. Mjumbe akiisha kufikisha habari hurudishwa alikotoka, au huvunjwavunjwa na vimeng'enya visafishavyo njia. Wajumbe hao wana majina: serotonini, noradrenalini, dopamini na wengineo. Mwaka 1952 Ernst Zeller, mwanasayansi wa Chicago, alionyesha kwamba iproniazidi huzuia kimeng'enya kimoja cha kusafisha njia, hata wajumbe wakabaki wengi ng'ambo ya mto. Tangu hapo karibu kila kidonge cha sonona kilichotengenezwa kimekuwa ni njia hii au ile ya kuwaongeza wajumbe. Lakini wajumbe hao hawapeleki habari za furaha peke yake. Wao ndio wapelekao pia habari za usingizi, za njaa, za jasho, za mwendo wa matumbo na za utulivu wa mikono. Mtu hawezi kugusa habari moja akaziacha nyingine zote mahali pake.

Mwaka 1957 daktari wa akili aitwaye Nathan Kline, wa hospitali ya Rockland katika jimbo la New York, alitangaza kwamba amewapa iproniazidi wagonjwa wa sonona na wengi wamepata nafuu. Dawa ilikuwa imekwisha ruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kifua kikuu, kwa jina la Marsilid, basi hapakuwa na kizuizi. Kwa muda wa mwaka mmoja yapata watu laki nne walipewa dawa hiyo kwa ajili ya sonona. Halafu ikaonekana kwamba baadhi yao macho yanageuka manjano kwa sababu ini limeharibika, na mwaka 1961 ikaondolewa sokoni Marekani.

Ndugu zake walibaki, na mmoja wao, Parnate, ndiye aliyeleta kisa ambacho kila mwanafunzi wa udaktari hukisoma. Katika mwaka 1963 daktari kijana wa hospitali ya Maudsley, London, jina lake Barry Blackwell, alikuwa ameandika habari za wagonjwa walioshikwa ghafula na maumivu makali mno ya kichwa, na wengine wakavuja damu katika ubongo. Akapata barua kutoka kwa mfamasia wa Nottingham. Mfamasia huyo alieleza kwamba mkewe amemeza dawa ya jamii hiyo, na kila alapo jibini kichwa humpasuka. Akauliza, je, jibini na dawa hazigombani? Yasemekana wenzake Blackwell walicheka. Lakini mfamasia alikuwa amenena kweli. Jibini iliyokaa siku nyingi ina kitu kiitwacho tiramini, ambacho kwa kawaida husafishwa na kimeng'enya kile kile ambacho dawa imekizuia. Kisiposafishwa, shinikizo la damu hupanda kwa ghafula hata mshipa wa ubongo waweza kupasuka. Mwaka 1964 Parnate iliondolewa Marekani kwa muda, kisha ikarudishwa pamoja na orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Jambo lililowapita madaktari wengi lilionwa na mtu mmoja aliyekaa mezani akimtazama mkewe akila.

Turudi nyuma kidogo, tuvuke bahari ya Atlantiki mpaka Uswisi. Kando ya ziwa la Constance kuna hospitali ya akili ya Münsterlingen, na humo alikuwamo daktari aitwaye Roland Kuhn. Siku zile klopromazini, dawa iliyopata sifa kutoka Paris tangu mwaka 1952 kwa kuwatuliza wenye wazimu, ilikuwa ghali kwa hospitali yake. Kuhn akaiomba kampuni ya Geigy, ya mji wa Basel, impe kitu cha namna hiyo akijaribu, nayo ikampelekea kemikali iliyojulikana kwa namba tu, G 22355. Kwa wenye wazimu haikufaa kitu. Baadhi yao walizidi kuhangaika. Lakini mwaka 1956 alipowapa watu wa sonona, baada ya siku chache hadi majuma machache walianza kuamka asubuhi kwa hiari yao, wakazungumza, wakarudia kazi za mikono. Septemba 1957 Kuhn alieleza habari hizo mjini Zürich mbele ya wasikilizaji wasiozidi watu kumi na wawili hivi. Kemikali ile ikapewa jina la imipramini, ikauzwa kwa jina la Tofranil.

Kwa miaka mingi Kuhn alisimuliwa kama shujaa. Mwaka 2019 wanahistoria walioagizwa na jimbo la Thurgau walitoa kitabu juu ya hospitali yake, wakaonyesha kwamba kwa miongo kadha aliwajaribia wagonjwa zaidi ya elfu moja dawa nyingi ambazo bado hazijaruhusiwa, na wengi wao hawakuulizwa ridhaa. Kwa maoni yangu habari hii haifuti faida ya imipramini, wala faida ya imipramini haifuti habari hii. Tutakumbuka tu kwamba watu waliotujulisha dawa hiyo hawakutamka ndiyo.

Imipramini nayo ilikuwa na alama zake katika mwili: kinywa kukauka, jasho, mikono kutetemeka kwa mtetemeko mwembamba, na kwa wachache kifafa. Ndugu yake amitriptilini alitoka mwaka 1961. Kampuni ya Merck ilijua kuuza. Daktari Frank Ayd alikuwa ameandika kitabu cha kuwafundisha madaktari kumtambua mgonjwa wa sonona. Merck ikanunua nakala elfu hamsini ikazigawa. Kwanza madaktari wauzwe ugonjwa, kisha dawa itajiuza yenyewe! Hata hivyo amitriptilini ilikuwa dawa ya kweli, nayo iliwekwa katika orodha ya kwanza ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977. Mpaka leo yapatikana katika hospitali zetu, na wengi huipewa kwa ajili ya maumivu ya mishipa au ya kichwa kuliko kwa ajili ya sonona.

Hapa sina budi kuondoa shaka moja. Klopromazini, ile dawa ya wazimu, ilipotumiwa kwa miaka ilianza kuonyesha ubaya wa kutisha: ulimi kutoka na kuingia, midomo kutafuna pasipo chakula, vidole kucheza vyenyewe, na mambo hayo yakaendelea hata dawa ilipoachwa. Mwaka 1964 madaktari wa Denmark waliyapa jina la ugonjwa wa mwendo ujao kwa kuchelewa. Watu huuhofu ugonjwa huo kwa kila dawa ya akili. Lakini kwa vidonge vya sonona ni nadra. Upo kwa kile kiitwacho amoksapini, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1980, kwa kuwa chazuia dopamini kama klopromazini, na ulionekana pia ambapo kidonge cha sonona kilichanganywa na dawa ya wazimu katika tembe moja. Anayetaka kusema kweli juu ya dawa hana ruhusa kuzibebesha zote mzigo wa moja.

Sasa nafika katika jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii. Mwaka 1961 madaktari watatu wa hospitali ya Hillside, New York, ambao ni Kramer, Klein na Fink, walichapisha makala juu ya wagonjwa walioacha imipramini baada ya kuitumia kwa majuma mengi. Wagonjwa walipata kichefuchefu, kizunguzungu, baridi, kuumwa na kichwa, usingizi kupotea, mahangaiko. Mambo haya yalianza upesi baada ya dawa kuachwa, na yalipungua dawa iliporudishwa. Habari iliandikwa waziwazi katika jarida kubwa la madaktari wa akili la Marekani. Kisha ikalala. Ililala karibu miaka thelathini.

Kwa nini ililala? Yamkini sababu kubwa ni mawazo yaliyotawala. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut wa Marekani alitoa nadharia kwamba sonona hutokana na upungufu wa noradrenalini, na mwaka 1967 Alec Coppen wa Uingereza akaielekeza nadharia hiyo upande wa serotonini. Wao waliandika kwa hadhari, kama wanasayansi wapasavyo. Waliokuja nyuma yao, na khasa wenye kutangaza dawa, waliiacha hadhari njiani. Watu wakaambiwa kwamba kidonge cha sonona ni kama insulini kwa mgonjwa wa kisukari, kazi yake ni kujaza palipopunguka. Mwenye kuamini hivyo, amwonapo mtu akiteseka baada ya kuacha dawa, hana swali la kuuliza: ugonjwa umerudi, na arudishiwe dawa. Mateso yaliyoletwa na kuacha dawa yakavaa nguo za ugonjwa wenyewe. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walichapisha uchunguzi wa tafiti nyingi za miaka iliyopita, wakasema hawakuona ushahidi imara kwamba sonona hutokana na upungufu wa serotonini. Wako wanaopinga baadhi ya maneno yao, lakini ule mfano mwepesi wa insulini ni madaktari wachache wa akili watakaousimamia leo.

Kipindi cha pili kilianza Uswidi. Arvid Carlsson, ambaye mwaka 2000 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya dopamini, alisaidia kutengeneza zimelidini, dawa iliyomlenga serotonini karibu peke yake. Ilianza kuuzwa mwaka 1982. Mwaka 1983 ikaondolewa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao mwili hugeuka na kuishambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu, miguu ikalegea hata mtu akashindwa kusimama. Bupropioni, dawa ya namna nyingine, iliondolewa Marekani mwaka 1986 kwa sababu ya kifafa, ikarudi mwaka 1989 kwa kipimo kidogo zaidi. Na mwaka 1984, katika hospitali moja ya New York, msichana wa miaka 18 aliyekuwa akitumia mojawapo ya dawa za jamii ya iproniazidi alipewa petidini, dawa ya maumivu. Joto la mwili likapanda mno, naye akafa siku iyo hiyo. Wengi huamini kwamba dawa mbili zile zilikutana zikamfurikisha serotonini. Baba yake alipigania habari hiyo kwa miaka, na mwaka 1989 jimbo la New York likapunguza kwa sheria saa za kazi za madaktari wanafunzi.

Baadaye ikaja fluoksetini. Ilitengenezwa na Bryan Molloy, Ray Fuller na David Wong katika kampuni ya Eli Lilly mjini Indianapolis, habari zake zikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, ikaruhusiwa Marekani Desemba 1987, ikauzwa kwa jina la Prozac. Baada yake zikafuata sertralini, paroksetini na nyinginezo. Dawa hizi hazikuhitaji orodha ya vyakula, na mtu aliyemeza nyingi kwa kukusudia kujiua hakuelekea kufa kama aliyemeza amitriptilini. Hiyo ni faida kubwa, wala asiidharau mtu. Lakini majaribio yaliyozipatia ruhusa aghalabu yalikuwa ya majuma sita hadi manane, na watu walizimeza miaka sita, minane, kumi na mitano. Ni kama kuipima meli bandarini Kilindini kwa nusu saa, kisha kuwapakia watu waende nayo Bombay.

Wagonjwa wa paroksetini ndio waliolalamika kwanza, kwa sababu dawa yao hutoka mwilini upesi: nusu yake huwa imetoka kwa muda wa siku moja hivi, ambapo fluoksetini na mabaki yake hukaa majuma. Mtu aliyesahau kidonge siku mbili aliona kizunguzungu, machozi ya bure, ndoto za kutisha, na jambo moja ambalo halikuwamo katika kitabu chochote: mshtuko kama wa umeme upitao ndani ya kichwa, khasa agezapo macho upande. Walipowaeleza madaktari wao hawakupata wa kuwasadiki. Jina la jambo hilo lilitoka kwa wagonjwa wenyewe, nao wanasayansi wakalichukua baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walikutana kuyajadili mambo haya, na makala zao zikachapishwa mwaka 1997. Gharama zilisaidiwa na Eli Lilly, ambayo dawa yake, kwa kukaa kwake mwilini, ilikuwa na tabu ndogo kuliko za washindani. Jina lililochaguliwa halikutaja uraibu wala mwili kuzoea. Lilitaja kuacha tu. Maneno nayo yana historia yake. Oktoba 2002 BBC ilionyesha habari za Seroxat, yaani paroksetini kwa jina la Uingereza, na maelfu ya watazamaji wakapiga simu na kuandika kueleza yaliyowapata. Mwaka uliofuata kampuni ilibadilisha maneno ya karatasi iliyotiwa ndani ya paketi.

Hata hivyo mwaka 2009 mwongozo rasmi wa Uingereza ulisema kwamba tabu hizo kwa kawaida ni ndogo na huisha kwa muda wa juma moja hivi. Ilipasa ingojwe miaka kumi zaidi. Mwaka 2019 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili kilikiri kwamba kwa baadhi ya watu tabu zaweza kuwa kali na kudumu, na mwongozo ukarekebishwa mwaka uo huo. Wakati huo katika Uingereza peke yake, pasipo Scotland na Wales, watu milioni 7.3 walikuwa wameandikiwa vidonge vya sonona kwa mwaka mmoja.

Ni wangapi basi wapatao tabu? Hapa pana ubishi. James Davies na John Read walikusanya tafiti wakasema ni zaidi ya nusu ya waachao dawa. Mwaka 2024 wanasayansi wa Ujerumani wakafanya hesabu nyingine kwa uangalifu. Waliona tabu kwa watu 31 katika kila 100 walioacha dawa, lakini waliona pia kwa watu 17 katika kila 100 walioacha vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Ukitoa hao, wabaki yapata watu 15 katika mia, au mmoja katika sita au saba, na tabu kali ni kwa wawili au watatu katika mia. Wapinzani hujibu kwamba wengi waliopimwa walikuwa wametumia dawa kwa miezi tu, na hoja yetu ni ya miaka. Jibu hilo lina uzito. Kwa upande wa pili, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 lilifuata watu 478 waliokuwa wametumia dawa muda mrefu na kujiona wazima. Katika mwaka mmoja, kati ya waliopunguziwa hadi kuacha, 56 katika mia walirudiwa na sonona. Kati ya walioendelea, 39. Kwa hiyo wako ambao dawa bado yawashikilia wasianguke, na anayewaambia waitupe hawatendei wema.

Swali moja lingali wazi, nalo ni la uzeeni. Tafiti za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2018 na 2019 ziliona kwamba watu waliotumia kwa miaka dawa za namna ya amitriptilini, ambazo huuzuia mjumbe mwingine wa ubongo ahusikaye na kumbukumbu, walipata ugonjwa wa kusahau kwa wingi kidogo kuliko wengine. Mwanafunzi wa historia atauliza mara moja: lipi lilitangulia? Maana sonona yenyewe yaweza kuwa dalili ya kwanza ya ubongo ulioanza kuchoka, na hapo dawa itakuwa shahidi aliyekutwa mahali pa tukio tu. Tafiti za namna hiyo huonyesha mambo mawili yakiandamana njiani. Hazionyeshi ni lipi limshikalo mwenziwe mkono.

Huku kwetu jambo hili lina sura yake. Fluoksetini iliingia katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, nayo pamoja na amitriptilini ndizo zijulikanazo zaidi katika hospitali za umma. Madaktari wa akili ni wachache, na safari ya kwenda kliniki yaweza kuwa ya siku nzima. Dawa ikikosekana, au nauli ikikosekana, mgonjwa huacha kwa ghafula pasipo kukusudia. Kizunguzungu na machozi vimjiapo siku ya tatu, jamaa zake husema kwamba wazimu umerudi, au kwamba amerogwa upya. Yafaa mtu mmoja nyumbani ajue kwamba mambo hayo yaweza kuletwa na kukatika kwa dawa, na kwamba vidonge hivi havianzwi wala haviachwi pasipo shauri la mganga wa hospitali.

Nayo namna ya kuacha imepata elimu mpya. Mwaka 2019 Mark Horowitz, daktari aliyejaribu mwenyewe kuacha dawa yake akateseka, pamoja na David Taylor wa London, walieleza kwa picha za ubongo kwa nini kukata kidonge nusu kwa nusu hakutoshi. Kipimo kidogo huushika ubongo kwa nguvu karibu kama kipimo kikubwa. Hatua za kwanza za kupunguza ni nyepesi, na hatua ya mwisho, kutoka kidogo hadi sufuri, ni kama kushuka ngazi ukakuta vidato vitatu vya chini havipo. Ndipo vipimo vya mwisho vitakiwavyo kuwa vidogo sana, vidogo kuliko kidonge chochote kiuzwacho.

Waholanzi wamepata njia rahisi. Tangu mwaka 2013 hutengenezwa kwao ukanda mrefu wa vifuko vidogo vilivyoungana, kimoja kwa kila siku, ukanda mmoja kwa siku 28, na kila kifuko kina dawa iliyopunguzwa kidogo kuliko cha nyuma yake. Mgonjwa hurarua kifuko cha leo, akameza, akauviringisha ukanda akauweka mpaka kesho. Mtu mmoja huhitaji ukanda mmoja, mwingine mitatu, na aliyemeza dawa kwa miaka mingi huenda akahitaji zaidi.